Kumwachisha Kasuku Mbegu Bila Kumshindisha Njaa

Mwangalie kasuku aliyezoea mbegu akila. Anachakura bakuli kwa mdomo, anatupa kulia, anatupa kushoto, mpaka aifikie ya alizeti. Anaigeuza kwa ulimi, ganda linadondoka, kiini kinaingia, anaanza upya. Jioni ukifagia chini ya tundu unakuta mtama, ulezi, vipande vya karoti ulivyomkatia asubuhi, na vile vidonge vya rangi ya udongo ambavyo mfuko wake umeandikwa “mlo kamili”. Siku nzima amekula mafuta.

Mbegu si sumu. Tatizo ni kuzila peke yake, mwaka baada ya mwaka. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha alizeti ni mafuta. Vitamini A karibu hakuna, kalsiamu ni haba, na fosforasi imeizidi kalsiamu mara nyingi. Kasuku wa porini naye hula mbegu, lakini huruka mwendo mrefu kuzitafuta, na katikati ya safari anakula matunda, machipukizi, maua na mbegu changa zenye maji. Wa nyumbani anaruka kutoka kijiti kimoja hadi kingine. Matokeo huja polepole: ini lililojaa mafuta, mdomo na kucha zinazorefuka ovyo, manyoya yaliyopauka, mafua yasiyokwisha, madoa meupe ndani ya kinywa. Kasuku wa kijivu huwa na lake la ziada, kwani kalsiamu ikishuka sana kwenye damu anaweza kutetemeka, hata kushikwa na degedege. Na kwa kuwa ndege huficha ugonjwa mpaka asiweze tena kuuficha, mwenye ndege hujiona anaendelea vizuri hadi siku anamkuta amelala sakafuni mwa tundu.

Watu husema ndege wao ana kiburi, anachagua chakula kwa makusudi. Kiburi hana. Hajui kwamba kile ulichomwekea ni chakula. Kinda hujifunza kwa wazazi na kundi lake kitu gani huliwa, na akishakua hushuku kila kigeni, tabia ambayo porini humwokoa. Peleti, yaani nafaka, kunde na virutubisho vilivyosagwa, vikakandwa pamoja na kukaushwa vidonge, haina ganda la kubangua wala umbo analolijua. Kwake ni kokoto. Anaweza kufa njaa akiwa amesimama juu ya bakuli lililojaa, na haya si maneno ya kutisha watu, hutokea.

Kwa hiyo una kazi mbili. Moja ni kumfundisha. Ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza, ni kuhakikisha hafi njaa wakati anafundishwa. Miongozo mingi huishughulikia ile ya kwanza tu.

Hatua ya 1: Chagua wakati, usikurupuke

Anza na ndege mzima. Kama unaweza kumfikia daktari wa wanyama anayejua ndege, mpeleke akaguliwe kabla ya kubadilisha lolote, hasa kama amekula mbegu tupu kwa miaka mingi. Ndege mnene si lazima awe na akiba ya kutosha. Ini lake likiwa limekwisha kuharibika, njaa ya siku mbili inaweza kumwangusha kuliko mwembamba.

Usianze akiwa anapukutisha manyoya, anataga au analea makinda. Usianze wiki aliyoingia nyumbani kwako, maana mabadiliko aliyoyapata yanamtosha. Mwache mwezi mmoja ale alichozoea, akujue. Usianze pia kama una safari karibuni, kwa sababu kazi hii inataka mtu yuleyule, jicho lilelile, kila asubuhi. Jitengee mwezi mmoja hadi miwili. Wapo watakaokubali ndani ya wiki, na wapo watakaokuzungusha nusu mwaka.

Hatua ya 2: Nunua mizani kabla ya kununua peleti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Kokatieli wangu wa kwanza (kokatieli ni kasuku mdogo mwenye kishungi) nilimbadilishia chakula kwa ushauri wa muuzaji mmoja: toa mbegu zote, weka peleti, njaa itamfundisha. Siku ya kwanza alipiga kelele. Siku ya pili alinyamaza, nikafurahi. Bakuli lilikuwa limepungua nusu, chini kumejaa unga, nikajua anakula. Siku ya tatu rafiki alikuja na mizani yake ndogo tukampima kwa utani tu. Alikuwa na gramu 92 mara ya mwisho alipopimwa, sasa ana 84. Zile peleti alikuwa anazivunjavunja kwa hasira na kuzimwaga, basi. Kunyamaza kwake kulikuwa udhaifu.

Bakuli hudanganya kwa namna mbili. Bakuli la mbegu huonekana limejaa kumbe ni maganda matupu, na bakuli la peleti huonekana limeliwa kumbe limesagwa. Ndege mwenyewe naye hudanganya: hudona, hupekua, hutafuna hewa, ukiwa mbali unaapa kwamba anakula. Mizani ndiyo yenye kusema kweli.

Tafuta ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Ile ya jikoni inayoruka gramu tano tano haifai, na sababu ni hesabu. Bajerigari, yule kasuku mdogo wa asili ya Australia, huwa na gramu 35 hivi. Asilimia kumi yake ni gramu tatu na nusu. Mizani ya tano tano haitakuambia kitu mpaka mambo yaharibike.

Mpime kila asubuhi, baada ya kinyesi cha kwanza, kabla hajala. Kinyesi kile cha alfajiri, hasa kwa majike, huwa kikubwa na kinaweza kukuvurugia hesabu. Weka kijiti kifupi au kikapu kidogo juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mpandishe. Akiogopa, fanya mazoezi kwa wiki nzima kabla ya kugusa chakula: mizani ikae chumbani, asimame juu yake apewe mbegu moja, ashuke. Asiyekubali kushikwa unaweza kumpima ndani ya kasha jepesi lenye matundu. Andika kila tarakimu kwenye daftari. Usitegemee kichwa.

Pima siku saba ukiwa bado unampa mbegu zake zote. Wastani wa siku hizo ndio uzito wake wa mwanzo, na kila kitu kitalinganishwa nao. Kupanda na kushuka kwa gramu chache ni kawaida. Akishuka asilimia tano chini ya uzito wa mwanzo, rudi hatua moja nyuma, mwongezee mbegu, usubiri apande. Akishuka asilimia kumi, acha zoezi lote, mrudishie mbegu zake na uongee na daktari siku hiyohiyo. Kwa kokatieli wa gramu 90, mstari wa kwanza ni gramu 85 na nusu, wa pili ni 81. Kwa kasuku wa kijivu wa gramu 450, ni 427.5 na 405. Piga hesabu ya wako mapema, uiandike juu ya ukurasa wa daftari kwa wino mwekundu, kwa sababu asubuhi ya wasiwasi mtu hujipigia hesabu inayompendeza.

Hatua ya 3: Soma sakafu ya tundu

Toa matandiko, tandika karatasi nyeupe au gazeti lisilo na picha, ubadilishe kila siku kwa saa ileile.

Kinyesi cha ndege mzima kina sehemu tatu: kile kigumu cha kijani au kahawia, kile cheupe kama chokaa, na maji kidogo pembeni. Asiyekula hutoa vidogo, vichache, vyeusi au vya kijani kilichokolea sana, na sehemu ile ngumu inakaribia kutoweka. Ukiona hivyo usingoje mizani ikuthibitishie. Mpe mbegu sasa hivi.

Mabadiliko mengine yasikushtue. Akianza kula peleti, sehemu ngumu hugeuka kahawia na kuongezeka, na hiyo ni habari njema. Akila mboga zenye maji, kinyesi kitakuwa na maji. Akila kiazisukari chekundu utadhani anatoka damu, kwa hiyo kumbuka ulichompa jana kabla ya kukimbia hospitali. Lakini ndege aliyejikunyata na kuvimbisha manyoya, anayelala mchana au kukaa sakafuni, huyo ni mgonjwa, hata kama mizani inasoma vizuri.

Hatua ya 4: Zipe mbegu saa zake

Kwanza jua anakula kiasi gani sasa. Kwa siku tatu mpimie mbegu kwa kijiko, jioni puliza maganda, uone kilichobaki. Wenye ndege wengi hugundua hapa kwamba wanajaza bakuli mara mbili au tatu ya mahitaji, ndiyo maana ndege ana nafasi ya kuchagua alizeti pekee.

Kwa kasuku wa kati na wakubwa, kuanzia kokatieli kwenda juu, mimi napenda njia ya saa. Ndege kwa desturi yao hula zaidi asubuhi na jioni, katikati hupumzika na kuchezacheza. Fuata mwendo huo. Wiki ya kwanza, gawa mbegu zake mafungu mawili, umpe asubuhi na jioni, kila mara kwa saa moja, kisha uziondoe. Mchana kutwa bakuli la peleti likae pale zilipokuwa mbegu. Hatazigusa. Sawa. Lengo la wiki hii ni kumzoesha kwamba chakula huja na huondoka, na kwamba vile vidonge havina madhara. Wiki ya pili saa moja iwe dakika 40, ya tatu nusu saa, huku peleti zikimtangulia asubuhi kwa robo saa kabla ya mbegu kufika, wakati tumbo lake ni tupu na udadisi uko juu. Kila punguzo lifanyike tu kama uzito umesimama. Kama haujasimama, wiki ya pili irudiwe, hata mara tatu.

Jioni mwache ashibe. Usiku ni mrefu kwa mwili mdogo.

Bajerigari na cherero, ambao nao ni kasuku wadogo, usiwafanyie njia ya saa mwanzoni. Miili yao haina akiba, na siku moja nzima bila chakula kwao ni dharura. Kwao changanya: siku za kwanza sehemu tisa za mbegu kwa moja ya peleti zilizovunjwa, na kila baada ya siku nne au tano punguza sehemu moja ya mbegu, uzito ukiruhusu. Mchanganyiko huu una udhaifu wake, kwani mjanja ataendelea kuokota mbegu tu hadi zimwishie. Ndiyo maana hatua inayofuata ni muhimu kwa wote.

Hatua ya 5: Mfanye aone kwamba kile ni chakula

Ukubwa kwanza. Peleti iwe kubwa kidogo kuliko mbegu anayoipenda, isizidi mdomo wake. Kasuku mkubwa hupenda kushika kitu kwa mguu akakitafuna, wa gramu 35 anataka punje. Chagua zisizo na rangi wala sukari nyingi. Zile za rangirangi zinampendeza mnunuzi kuliko mlaji, na zitakupaka rangi kinyesi ushindwe kukisoma. Nunua mfuko mdogo, ukague tarehe, uuhifadhi pakavu na kwa kifuniko, maana mafuta yaliyochacha na ukungu huharibu kazi yote.

Sasa zifanye zifanane na anachokijua. Saga chache ziwe unga, uzipakaze kwenye mbegu zilizoloweshwa kidogo kwa maji, ili kila anapobangua ulimi uguse ladha mpya. Baada ya siku chache unga uwe chenga, chenga ziwe vipande, vipande viwe vidonge vizima. Au lowesha peleti kwa maji ya uvuguvugu hadi zilainike, ukandie mbegu ndani yake kama unakanda unga wa mandazi. Akitaka mbegu itambidi achimbe, na mdomo uliochimba hutoka na kitu. Chakula chenye maji kisikae zaidi ya saa mbili, kinachacha.

Mahali nako kuna maana. Bakuli ni mahali pa chakula cha zamani. Sakafu, kioo na mkono wako havina historia. Bajerigari na kokatieli kwa asili hula chini, kwa hiyo mwagia peleti zilizovunjwa na mbegu chache kwenye sinia bapa, au juu ya kioo kilicholazwa. Anaona ndege mwingine anadona pamoja naye, naye anaingiwa na wivu. Ukiwa na ndege halisi anayekula peleti, weka tundu lake jirani kwa muda wa chakula, nusu ya kazi atakufanyia yeye.

Kama huna, wewe ndiwe kundi lake. Keti naye, weka peleti chache mezani, gonga kwa ukucha kama unadona, peleka mkono mdomoni, tafuna, toa sauti ya kuridhika, na usimpe. Mwache aombe. Wenye nyumba watacheka, lakini yule kokatieli wangu aliyenusurika na ujinga wangu alikula peleti yake ya kwanza kwa namna hiyo: aliinyang'anya kutoka vidoleni mwangu kwa sababu alidhani namnyima. Baadaye akagundua mwenyewe kuzitumbukiza kwenye kikombe cha maji na kuzila zikiwa uji. Nilimwachia, nikawa nabadilisha maji mara nne kwa siku.

Hatua ya 6: Mboga zije na mwendo wake

Usingoje peleti zikubalike ndipo ulete mboga. Ziende sambamba, ila usiwe na haraka nazo, kwa sababu kukosa mboga leo hakumwui mtu.

Anza na zenye vitamini A kwa wingi, ambayo ndiyo mbegu zimemnyima: karoti, boga, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vikiwa vimepikwa, pilipili hoho nyekundu, majani ya kijani yaliyokolea. Mchicha mpe kidogo tu, una kitu kinachofunga kalsiamu isitumike mwilini. Saladi ile nyeupe yenye kukatika kama maji haina haja, kwa sababu ni maji kweli. Pilipili kali nazo wanakula vizuri bila kutokwa na chozi, kwani ndege hawausikii ule ukali. Mmoja niliyewahi kumlea alikataa kila kitu cha kijani hadi siku alipokutana na mbegu za pilipili, akazibangua kama alizeti, na kutoka hapo akahamia kwenye nyama yake.

Hilo ndilo la kushika: mlango wa mla mbegu ni mbegu. Mkatie pilipili hoho nusu, na mbegu zake zikiwa ndani. Mpe tango au boga lenye kokwa zake. Chipusha mbegu zilezile anazozila: loweka usiku mmoja, suuza mara mbili tatu kwa siku, na siku ya pili zikitoa kinundu cheupe mpe. Umbo analijua, lakini ndani kuna kitu hai. Zikinuka vibaya au zikiwa na utelezi, tupa.

Badilisha maumbo kabla ya kutangaza kwamba hapendi. Karoti anayoikataa ikiwa vipande huenda akaila ikiwa imekunwa, imepikwa, au imening'inizwa nzima kwenye uzi aichane kwa furaha ya uharibifu. Majani yaning'inize yakiwa yamelowa, kwani bajerigari wengi hupenda kuoga kwenye majani yenye maji, na anayeoga hudona. Wanaopenda vya moto wape vya uvuguvugu. Kitu kimoja kiwekwe siku kumi au kumi na tano mfululizo, kidogo kidogo, bila kelele. Kutupwa chini si kukataliwa. Kinachotupwa kimeguswa, na kinachoguswa leo kitaonjwa wiki ijayo.

Matunda ni ya kubembelezea. Yana sukari, na ndege aliyegundua embe hataona sababu ya kugusa boga.

Vya kumwepusha navyo

Parachichi liwe marufuku nyumbani, lina sumu inayoshambulia moyo wa ndege. Marufuku pia chokoleti, kahawa, pombe, vyakula vya chumvi, kitunguu na kitunguu saumu, na maharage makavu yasiyopikwa yakaiva kabisa. Tufaha ni zuri, lakini toa mbegu zake, na matunda yenye kokwa ngumu toa kokwa. Karanga zenye ukungu, au zilizohifadhiwa vibaya hata kama huuoni, hubeba sumukuvu inayoua ini. Kama huna hakika na karanga zako, acha.

Matone ya vitamini ya kutia kwenye maji ya kunywa siyapendi. Yanabadilisha ladha ndege akanywa kidogo, yanalisha bakteria, na kwa anayekula peleti yanazidisha vitamini ambazo tayari anazo. Changarawe nazo kasuku hazihitaji, kwa sababu yeye hubangua ganda kabla ya kumeza.

Na kwa kuwa utakuwa jikoni mara nyingi ukipika viazi na boga: kikaango chenye ule utando usiogandisha chakula, kikipata moto kupita kiasi, hutoa moshi usioonekana unaoua ndege kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Akigoma kabisa

Wiki tatu zimepita, uzito umesimama, lakini peleti hazijaguswa. Kagua mambo matatu kabla ya kumlaumu. Je, kuna mtu nyumbani anayempenyezea mbegu kwa huruma? (Karibu kila nyumba ina mtu wa namna hiyo.) Je, sakafu ya tundu ina mbegu za jana anazoziokota? Je, unampima akiwa ameshakula? Kisha badilisha aina ya peleti. Umbo na harufu hutofautiana, na aliyekataa moja mara nyingine huipokea nyingine siku hiyohiyo.

Ikishindikana, chukua wiki mbili za mapumziko. Mrudishie mbegu kamili, aendelee na mboga, usiseme neno kuhusu peleti. Wengine hufanikiwa mzunguko wa tatu. Kwa ndege mzee sana, au aliyewahi kuugua ini, nusu ya safari inatosha: mbegu chache, mboga nyingi, na daktari akisimamia. Sioni aibu kwa hilo.

Ambao mwongozo huu si wao

Chiriku na ndege wengine wadogo wala mbegu usiwanyime chakula hata saa chache ili wajifunze. Hao mbegu zitabaki kuwa sehemu kubwa ya mlo wao. Waongezee majani, mbegu zilizochipua na peleti za chenga, basi. Kasuku wanaolamba nekta, wale wenye ncha ya ulimi kama brashi, wana chakula chao cha namna nyingine kabisa, na peleti kavu za kawaida haziwafai.

Akishakubali

Utajua amevuka pale anapokwenda kwenye peleti mwenyewe asubuhi, mbegu zikiwa hazijafika, na uzito umekaa wiki mbili. Hapo mlo wa kasuku wa kati na mkubwa unaweza kuwa peleti kama sehemu sita au saba kati ya kumi, mboga mbili au tatu, na kidogo kinachobaki kiwe tunda na mbegu. Bajerigari na kokatieli waachie mbegu zaidi kidogo, hata robo ya mlo. Kupima kuwe mara moja kwa wiki. Kama hapati jua la moja kwa moja, muulize daktari kuhusu taa ya miale inayofaa, kwa sababu kioo cha dirisha huizuia ile miale inayotengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu unayompa haishikiki vizuri mwilini.

Alizeti sasa ina kazi mpya. Itoe kwenye bakuli uiweke mfukoni mwako, iwe mshahara: moja kwa kupanda mkononi, moja kwa kuingia tunduni bila ugomvi, moja imefichwa ndani ya karatasi iliyokunjwa ahangaike nayo nusu saa. Na usitupe mfuko wa mbegu uliobaki. Siku akiugua, akihamishwa nyumba au akipatwa na hofu akasusa chakula, mrudishie mbegu mara moja. Wakati huo kula chochote ni bora kuliko kula vizuri. Akipata nguvu utaanza tena na sinia na dakika zako, na safari hii atakuwa anajua kwamba kile kidonge si kokoto.